Gripu na Elimu ya Uzito: Ushauri kwa Wanaoingia Katika Kazi ya Seti

Gripu ni jina linalopewa fundi wa filamu ambaye kazi yake ni kubeba, kusimamisha, kusogeza na kufunga vitu vyote ambavyo kamera na mwanga huvitegemea, na jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kushika kwa nguvu. Fundi huyu si mpiga picha, wala si fundi umeme, ingawa hufanya kazi bega kwa bega na wote wawili tangu alfajiri mpaka vifaa vinaporudishwa kwenye lori. Mtazamaji akiona kamera ikiteleza kando ya mtu anayetembea, bila mtikisiko wowote, ameiona kazi ya gripu. Na akiona uso wa mwigizaji umetulia katika mwanga laini ilhali ukuta ulio nyuma yake umeachwa gizani, aghalabu yupo gripu aliyesimamisha kitambaa mahali fulani nje ya picha, akakifunga na kukiwekea uzito ili kisimwangukie mtu.

Makala haya yanawalenga vijana wa Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar, Kampala na kwingineko ambao huanza kazi hii kwa kuitwa siku moja tu, mara nyingi kwa sababu mtayarishaji amepungukiwa na mikono ya kubebea vyuma, na ambao siku hiyo ikiisha hubaki wakijiuliza kama kuna ufundi wa kujifunza humo au ni upagazi mtupu. Ufundi upo, tena ni mwingi, lakini hauonekani kwa mtu anayeipima siku yake kwa wingi wa mizigo aliyoibeba. Msingi wake ni swali moja ambalo gripu aliyeiva hujiuliza kabla ya kuinua chochote: kitu hiki kikianguka, kitaangukia upande gani, na ni nani atakayekuwa amesimama hapo? Vifaa vyote vya kazi hii, kuanzia stendi ya chuma hadi kreni, vimebuniwa kwa namna ambayo haieleweki mpaka swali hilo liulizwe, na kijana anayelizoea tangu siku ya kwanza hujifunza kwa wiki chache mambo ambayo wengine huyapata kwa miaka mingi na kwa majeraha.

Kabla ya vifaa, yafaa kuufahamu mfumo unaofuatwa na kundi lililomwajiri mtu, kwa kuwa mipaka ya kazi hii haifanani kila mahali. Katika mfumo wa Marekani, mafundi umeme huongozwa na mkuu wa mwanga anayeitwa gafa, nao hushughulika na taa zenyewe pamoja na nyaya na jenereta, ilhali kila kinachowekwa mbele ya taa bila kuunganishwa na umeme, yaani vitambaa vyeupe vya kulainisha mwanga, vitambaa vyeusi vya kuukata na fremu za kuvitandazia, huwa chini ya gripu, ambaye pia husimamia kigari cha kamera, reli na kreni. Katika mfumo wa Uingereza, gripu hubaki na vyombo vya kubebea na kusogezea kamera peke yake, na vitambaa vya mwanga huwa mikononi mwa mafundi umeme. Kijana aliyefunzwa na Wamarekani akikimbilia kitambaa katika kundi la Waingereza ataonekana amevamia kazi ya watu, na aliyefunzwa na Waingereza akisubiri kigari pembeni katika kundi la Wamarekani ataonekana mvivu. Swali la nusu dakika asubuhi huondoa aibu zote mbili. Kiongozi wa idara ni gripu mkuu, ambaye hupokea maelekezo kutoka kwa mkurugenzi wa picha, yaani msimamizi wa kamera na mwanga wa filamu nzima. Msaidizi wake huitwa besti boi, hata akiwa mwanamke, naye huhesabu vifaa, huita watu wa ziada na kuandika saa za kazi. Anayesukuma kigari cha kamera ana cheo chake peke yake, kwa sababu zitakazoonekana. Huko Hollywood magripu wana tawi lao, Local 80, ndani ya IATSE, chama cha wafanyakazi wa jukwaani kilichoanzishwa mwaka 1893, na kuwepo kwa tawi hilo kunatosha kuonyesha kwamba kazi hii haikuwahi kuwa ya wapita njia.

Kifaa cha kwanza kinachompasa mgeni kukijua kwa mikono yake ni stendi ya chuma inayoitwa si-stendi, ambayo ina nguzo ya kurefushwa, miguu mitatu, na mkono wa chuma unaobanwa kwenye nguzo kwa kichwa cha diski na skrubu ya kukazia. Miguu hiyo mitatu haikai kimo kimoja: mmoja huanzia juu, wa pili chini yake, wa tatu chini zaidi, ili stendi nyingi ziweze kusimama zikiingiliana miguu bila kusukumana. Mguu wa juu kuliko yote huelekezwa upande ule ule unaoelekea mzigo, kwa sababu stendi ikianza kuinama itainamia huko, na mguu huo ndio utakaoizuia. Mfuko wa mchanga nao hutundikwa juu ya mguu huo huo, uning'inie bila kugusa chini, kwa kuwa mfuko uliolala sakafuni umeukabidhi uzito wake kwa sakafu na hauizuii stendi kwa lolote. Sehemu inayowashinda wengi ni upande wa skrubu. Fundi husimama nyuma ya stendi akitazama uelekeo wa mzigo, na skrubu ya kichwa sharti iwe mkono wake wa kulia. Ikiwa hivyo, kila mzigo unapovuta chini, mkono wa chuma huzunguka ukifuata mwendo wa mshale wa saa na kuikaza skrubu zaidi, lakini ikiwa kushoto, uzito ule ule huilegeza kidogo kidogo mpaka kitambaa kinaposhuka juu ya kichwa cha mwigizaji katikati ya maneno yake. Jambo hili linaweza kufanyiwa mazoezi nyumbani jioni moja tu, kwa stendi moja na ndoo ya maji, na anayelifanya hatalisahau tena.

Ncha ya nyuma ya mkono wa chuma ni adui wa macho. Inapolingana na kimo cha uso wa mtu, mtu anayepita haraka akiwa ameangalia kamera haioni, kwa kuwa chuma chembamba kikitazamwa kwa ncha huonekana kama nukta. Mafundi wengi huchoma mpira wa tenisi kwenye ncha hiyo, na pale ambapo mpira haupo, kipande cha tepu nyeupe kinachoning'inia hufanya kazi karibu sawa. Kwa sababu hiyo hiyo, anayepita na chuma kirefu katikati ya watu hupaswa kutangaza, na Waswahili hawana haja ya kuazima neno la kutangazia: mahamali na wasukuma mikokoteni wa miji ya pwani wana "simile!" yao tangu zamani, neno fupi, linalosikika mbali, ambalo kila mtu hulitii kabla hata ya kugeuka kumwona aliyelitamka.

Kuhusu mifuko ya mchanga yenyewe, ile inayouzwa madukani huwa na uzito wa kilo 7, 11 au 16 hivi, na bei yake humfanya mtayarishaji mdogo aamini kwamba anaweza kuishi bila hiyo. Hapo asikubaliwe. Fundi cherehani yeyote anayeshona maturubai anaweza kutengeneza mfuko wenye vyumba viwili na mpini katikati, ili uutandalie mguu wa stendi kama shogi linavyomkalia punda, na mchanga ukiwekwa kwanza ndani ya mifuko ya plastiki mizito kabla ya kuingizwa ndani ya turubai, hautavuja juu ya zulia la mwenye nyumba. Mchanga wa ufukweni usitumike bila kuoshwa na kukaushwa, kwa sababu chumvi yake huvuta unyevu na kula vyuma inavyovigusa.

Yote haya ni mepesi kuliko upepo. Fremu ya kawaida ya kutandazia kitambaa kikubwa cha kulainisha jua ina futi 12 kila upande, karibu mita 3.7, yaani zaidi ya mita 13 za mraba, na mabaharia wa pwani wangeitambua mara moja kuwa ni tanga lisilo na chombo. Upepo wa kilomita 18 kwa saa ukiigonga ana kwa ana huisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 20, kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kukizuia kwa mkono na kudhani ameumudu mchezo. Lakini nguvu ya upepo haiongezeki kwa kulingana na mwendo wake, bali kasi ikiwa mara mbili nguvu huwa mara nne, hivyo upepo wa kilomita 36 kwa saa huleta zaidi ya kilo 80, na ule wa kilomita 54 hukaribia kilo 190. Hakuna stendi mbili zinazoweza kusimama mbele ya nguvu hiyo kwa mifuko ya mchanga peke yake. Fremu ya namna hii hufungwa kamba kwenye pembe zake, kamba hizo zikashuka mbele na nyuma hadi kwenye vigingi au uzito mkubwa, na fundi mmoja huachiwa kila stendi kwa muda wote ambao kitambaa kiko juu, asitumwe maji wala betri. Anayepiga filamu pwani katikati ya mwaka, kusi linapovuma, ajue kwamba upepo wa saa mbili asubuhi si wa saa nane mchana, na kwamba nahodha mwenye akili hutua tanga kabla tufani haijafika, hangoji imkute. Kitambaa hushushwa upepo unapoanza kubadilika, ingawa mwongozaji atalalamika kwamba jua bado linafaa; na kitambaa cha wavu, ambacho hupitisha sehemu ya upepo, mara nyingi hutosha pale ambapo kile kizima kinahatarisha watu.

Kuna masanduku ya mbao ambayo hayazungumzwi sana ilhali hakuna saa inayopita bila kuhitajika. Wamarekani huyaita masanduku ya matufaha, kwa kufananisha na makasha ya kubebea tunda hilo, na vipimo vyake vimekuwa kanuni: urefu wa sentimita 51, upana wa 30, na kimo cha 20 kwa sanduku zima, 10 kwa nusu, 5 kwa robo na 2.5 kwa lile jembamba kabisa. Mwigizaji mfupi hupandishwa juu yake, meza huinuliwa kwayo, reli hukaa juu yake, na mpiga picha hulikalia. Likilazwa kwa ubapa husemwa limekaa "Los Angeles", na likisimamishwa wima husemwa limekaa "New York", kwa sababu ya majengo marefu ya mji huo. Seremala wa mtaani anaweza kuyatengeneza kwa plaiwudi nzuri, mradi asibadilishe kipimo hata kwa nusu sentimita, kwa kuwa faida yake yote imo katika kulingana, na masanduku manne yaliyopishana kimo ni masanduku manne yanayoyumba.

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote katika kazi hii ni kigari cha kamera, kinachoitwa doli, pamoja na reli zake. Wazo la kuisogeza kamera kwa gari la magurudumu lilipata umaarufu kupitia filamu ya Kiitalia ya Cabiria, ya mwaka 1914, ambayo mwongozaji wake, Giovanni Pastrone, aliitembeza kamera taratibu ndani ya majengo makubwa ya jukwaani ili mtazamaji ahisi kina chake. Mwaka 1948 Alfred Hitchcock alitoa filamu ya Rope, iliyopigwa kwa vipande virefu vilivyofikia karibu dakika 10 kila kimoja, kiasi ambacho utepe wa filamu wa wakati huo uliweza kubeba, na ili kamera iweze kupita chumba kwa chumba, kuta za seti zilitengenezwa ziweze kusogezwa, mafundi wakaziondoa na kuzirudisha pamoja na samani huku waigizaji wakiendelea kusema. Anayeitazama filamu hiyo leo haoni hata mkono mmoja wa mafundi hao, wala hasikii hatua zao, na inafaa kila gripu aitazame mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya kisa, na mara ya pili akijiuliza kila dakika ukuta uko wapi.

Reli huanza kutandikwa kutoka mahali palipo juu kuliko pote katika njia ya kamera, kwa sababu bonde linaweza kuinuliwa kwa sanduku na kabari, bali kilima hakishuki bila jembe. Fundi huweka pima maji kukatiza reli mbili, kushoto na kulia, na kusawazisha hapo kwanza. Kisha hukilaza kipimo hicho juu ya reli kufuata urefu wake, na kurudia kazi hiyo katika kila kiungo hadi mwisho. Kabari huingizwa mbili mbili, zikielekeana, ili uso wa juu ubaki bapa na reli iegemee mbao yote, si makali ya mbao. Juu ya mchanga wa ufukweni, kabari na masanduku hukaa juu ya vipande vya plaiwudi vyenye upana wa kutosha kuutawanya uzito, la sivyo kila mpito wa kigari huzidi kuzizamisha, na picha ya tano huwa imeinama ilhali ya kwanza ilikuwa sawa. Baada ya hapo hupitishwa kidole juu ya kila kiungo, taratibu, kwa macho yaliyofumbwa ikibidi, kwa kuwa kidole huhisi ngazi ndogo ambayo jicho huipita na ambayo lenzi ya masafa marefu itaigeuza kuwa tetemeko. Reli inayolia hupakwa poda ya watoto. Mwisho, kigari husukumwa mara moja kikiwa kitupu na mara moja kikiwa kimebeba watu wote watakaokipanda, kwa maana reli iliyonyooka bila mzigo inaweza kupinda chini ya mzigo.

Kukisukuma ni elimu nyingine. Kigari kikubwa cha studio huzidi kilo 150 kabla ya kamera na mpiga picha kukipanda, na uzito huo ukishaanza kutembea hauna haraka ya kusimama. Msukumaji hutumia miguu na nyonga, si mgongo, huanza kwa ulaini kiasi kwamba mwanzo wenyewe hauonekani, na kupunguza mwendo mapema kabla ya alama ya tepu aliyoibandika sakafuni, ili kigari kifike pale kikiwa kimekwisha kuchoka. Macho yake huwa kwa mwigizaji. Mtu anayetaka kuinuka kitini huegemeza uzito wake mbele kidogo kabla ya kuinuka, na anayetaka kuondoka huhamishia uzito kwenye mguu mmoja kabla ya kuunyanyua mwingine. Msukumaji aliyezoea huiona dalili hiyo na kuondoka pamoja na mwigizaji, ilhali anayesubiri mpaka mguu uinuke hubaki nyuma kwa nukta moja, na nukta hiyo ndiyo inayotenganisha picha hai na picha inayofukuzia. Mpiga picha wala msimamizi wa fokasi hawawezi kuirekebisha kasoro hiyo. Ndiyo maana si sahihi hata kidogo kumtafuta mtu wa kusukuma kigari kwa kuangalia kifua chake, kama inavyofanyika katika seti nyingi, badala ya kumtafuta mwenye utulivu, sikio la mapigo na kumbukumbu ya mazoezi.

Kreni, yaani mkono mrefu wa kupandishia kamera, hufanya kazi kama mizani ya sokoni: upande mmoja kamera, upande wa pili vyuma vya uzito, na katikati mhimili. Ikiwa ni kreni inayobeba mtu, kanuni moja haina msamaha: aliyepanda hashuki mpaka gripu amwambie ashuke. Akijishukia mwenyewe kwa sababu picha imeisha na ana kiu, uzito wa kilo 70 au 80 huondoka ghafla upande wa kamera, vyuma vya upande wa pili hudondoka, na mkono huruka juu kwa nguvu inayoweza kumuua yeyote aliye jirani. Kwanza mkono hushushwa na kushikwa, kisha vyuma huondolewa kwa kiasi kinacholingana na uzito wa mtu huyo, ndipo naye hushuka. Nyaya za umeme nazo ni hatari kwa kila kitu kirefu cha chuma, kuanzia kreni hadi nguzo ya fremu. Kanuni za usalama za Marekani hutaka umbali usiopungua mita 3 kwa nyaya zenye hadi volti 50,000, na kwa kuwa gripu wa kawaida hana namna ya kujua waya wa mtaani umebeba volti ngapi, busara ni kuuongeza umbali huo mara mbili au kuhamisha kreni.

Mazingira ya Afrika Mashariki yana masharti yake ambayo vitabu vya Hollywood havikuyaandika. The African Queen, iliyopigwa katika Kongo ya Wabelgiji na Uganda na kutolewa mwaka 1951, iliwalazimu mafundi kuijenga upya sehemu ya mashua juu ya chelezo, kwa sababu mashua halisi haikuwa na nafasi ya kutosha kwa kamera na taa. Anayefanya kazi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, hukutana na tatizo la aina hiyo hiyo nchi kavu. Vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba, aghalabu si zaidi ya mita 3, kwa kuwa dari zake hubebwa na boriti za mikoko na boriti hazikui kupita hapo. Na reli ya kawaida, yenye sentimita 62 kati ya chuma na chuma, ikilazwa humo pamoja na msukumaji, mwigizaji hubaki na ukanda wa kupitia tu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hazipigwi msumari wala skrubu, kwanza kwa heshima ya jengo, pili kwa sababu chokaa kuukuu haishiki, na mzigo ulioning'inizwa hapo asubuhi hushuka jioni pamoja na kipande cha ukuta. Hata ile mbinu ya kukaza ubao kati ya kuta mbili kwa skrubu ya kusukumia, ambayo ni salama kwenye ukuta wa saruji, haifai kwa ukuta uliotumbuka chokaa, kwa sababu ubao husukuma kuta zote mbili kwa nguvu ileile. Boriti za dari nazo zisibebeshwe taa kabla ya kuchunguzwa na mtu anayezijua nyumba hizo. Stendi ya kusimama sakafuni, ingawa inakera kwa kula nafasi, ndiyo inayostahili.

Huja wakati ambapo swali la kitu kitakachoanguka halina jibu linaloridhisha, na hapo gripu hana budi kusema hapana. Tarehe 20 Februari 2014, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, kundi la filamu ya Midnight Rider liliweka kitanda cha chuma juu ya daraja la reli lililokuwa likitumika, bila ruhusa ya wenye reli, na treni ya mizigo ilipotokea watu walikuwa na sekunde chache tu za kukimbia kwenye njia nyembamba. Sarah Jones, msaidizi wa kamera mwenye umri wa miaka 27, aliuawa, na wengine kadhaa wakajeruhiwa. Mwaka uliofuata mwongozaji wa filamu hiyo alikiri mahakamani kosa la kuua bila kukusudia. Siku ile hakuna kilichokosekana kwa upande wa uhodari wa kubeba. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye mamlaka kuuliza treni ikija wanakimbilia wapi, na kukataa kuendelea mpaka ajibiwe. Kukataa huko hufanyika kwa adabu, kwa sauti ya kawaida, na kwa kumwendea kwanza gripu mkuu badala ya kupiga kelele mbele ya waigizaji, na hukubalika kwa urahisi zaidi kunapoambatana na njia nyingine: "Bosi, hapa kreni haikai, lakini tukihamia pale mbele kwa dakika 20 tutapata picha ileile." Gripu mkuu anayemfokea mtoto wa kazi kwa kuuliza swali la namna hiyo hastahili kuongoza watu, na kijana afanye kila awezalo kutafuta kundi lingine.

Kuhusu kujitayarisha, mkoba wa mwanzo si lazima uwe wa gharama. Glavu za ngozi, viatu vyenye ncha ngumu, mkasi au kisu, tepu ya kitambaa, pima maji ndogo, spana ya kurekebishwa, futi ya kupimia na tochi ya kuvaa kichwani hutosha kumfanya mtu awe msaada badala ya mzigo. Mafundo ya kamba yanayohitajika ni machache, na walimu wake wako karibu: wapakiaji wa malori huko Kariakoo na Gikomba hufunga mzigo kila siku kwa fundo linalokaza kama kapi na kufunguka kwa mvuto mmoja, na mvuvi yeyote hujua kitanzi kisichojikaza hata kikivutwa na chombo kizima. Jambo jingine ni maandishi. Tanzania ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Kenya ina yake ya mwaka 2007 kuhusu mafao ya majeraha kazini, lakini sheria haimfikii kwa wepesi mtu ambaye hakuna karatasi inayoonyesha kwamba alikuwapo. Kwa hiyo, kabla ya siku ya kwanza, kijana aombe hata ujumbe wa simu wa mstari mmoja unaotaja tarehe, malipo, saa za kazi, na nani atagharamia matibabu akiumia. Mtayarishaji mwema hatakasirishwa na ombi hilo.

Kazi inapofungwa jioni, watu wakiwa wamechoka na lori linanguruma, ndipo vidole vingi huvunjika. Kitambaa hutolewa kwanza, kisha mkono wa chuma, kisha nguzo hushushwa, na mfuko wa mchanga huondolewa mwisho, wala hauguswi wakati bado kuna kitu juu. Vyuma vya uzito wa kreni huhesabiwa kwa sauti. Magurudumu ya kigari hufutwa kwa kitambaa kikavu mpaka punje ya mchanga isibaki, kwa kuwa punje moja iliyokauka kwenye gurudumu huikwaruza reli nzima siku ya pili. Kabari hurudi ndani ya sanduku lake zikiwa idadi ileile iliyotoka. Na vitakavyohitajika kwanza kesho hupakiwa mwisho leo. Besti boi na mwenzake mmoja kisha huizunguka seti yote kwa tochi, wakifukia mashimo ya vigingi na kuokota vipande vya tepu, kabla ya kumrudishia mwenye nyumba ufunguo wake.